Kiti Kimoja Kilichobaki

Kijana wa chuo alipiga simu kwa mara ya tano wiki ile, Jumapili mchana, Retha Stidham akiwa bado anapakua maharagwe.

"Ipokee tu," alisema Delmas, mumewe. "La sivyo atapiga mpaka chakula kipoe."

Retha aliiweka simu mezani katikati ya sahani na kufungua sauti, maana mikono ilikuwa na mafuta.

"Retha, ni Bryce wa Ardenmoor. Habari za Kentucky?"

"Tunakula."

"Safi sana. Sikucheleweshi. Nilikuwa napitia faili lako nikajisemea, huyu mama ndiye aina ya mtu ambaye chuo chetu kiliundwa kwa ajili yake. Sasa sikiliza. Muhula wa Agosti kimebaki kiti kimoja. Kimoja tu. Nimekishikilia kwa jina lako mpaka Ijumaa saa kumi na moja jioni. Unatoa dola mia tatu za kukishika, hazirudishwi, lakini zinaingia kwenye ada. Tufanye sasa hivi?"

"Nitakupigia."

"Ijumaa, Retha. Nisingependa nikupe habari mbaya."

Simu ilipokatika, Ova, mama yake Delmas, mwanamke wa miaka sabini na minane aliyekuwa hasikii vizuri ila lile lisilomhusu, aliinua uso kutoka kwenye mkate wake wa mahindi.

"Huyo kijana anauza nini?"

"Anauza shule, mama."

"Shule siku hizi inawapigia watu simu? Sisi ilikuwa inatukimbia."

Delmas alicheka, kicheko kikageuka kikohozi, na kikohozi kikamchukua mpaka akashika ukingo wa meza. Retha hakumtazama. Alikuwa amejifunza kutomtazama, kwa sababu mwanamume yule alichukia kutazamwa akitafuta pumzi. Alihesabu tu kimoyomoyo, kama anavyohesabu mapigo ya wagonjwa wodini, mpaka kikapita.

Miaka kumi na tisa Retha alikuwa muuguzi wa wodi katika hospitali ya kaunti jirani. Sasa alitaka kusomea shahada ya uzamili awe muuguzi mtabibu wa familia, yule anayempima mgonjwa mwenyewe, anayemtibu na kumwandikia dawa kwa sahihi yake. Katika milima ile ya Kentucky madaktari walikuja na kuondoka kabla hawajajua njia za vijito. Aliyebaki ni muuguzi. Pale kijijini kwao, Caney Branch, aliyebaki alikuwa mmoja, Iva Sizemore, aliyeendesha zahanati kwa miaka ishirini na saba katika jengo lililokuwa duka la makochi. Iva alikuwa na miaka sitini na tisa na nyonga mbovu, na alikwisha kutangaza kwamba kiangazi kijacho anafunga. Baada yake, mtu mwenye homa angeendesha gari saa moja na dakika ishirini kwenye kona za mlimani, kama gari analo.

Vyuo vilikuwa viwili, vyote masomo yake ni ya mtandaoni. Chuo cha serikali ya jimbo kilichukua miaka mitatu, ada yake nusu, na kilimjibu kwa barua ya kurasa mbili ambayo hakuna mtu aliyeifuatilia kwa simu. Ardenmoor kilichukua miezi ishirini.

"Miezi ishirini naweza kuihesabu," alisema Delmas alipopata pumzi. Miaka ishirini na sita ya kuchimba makaa ya mawe ilikuwa imemwachia mapafu ya vumbi na mtungi wa oksijeni uliosimama kando ya kiti chake kama mgeni asiyeaga. "Miaka mitatu siwezi, Retha. Nataka nikuone umevaa lile joho. Mlipe huyo mpiga domo fedha zake."

Retha akasogeza sahani. "Ijumaa bado," alisema.

*

Siku ya pili, katika chumba cha mapumziko cha wodi, Misty Gayheart alikuwa akila biskuti za chumvi kutoka kwenye pakiti na kuzishushia kwa maji ya bomba. Misty alikuwa na miaka thelathini na mitatu, alilea mabinti wawili peke yake, na alikuwa mwaka wake wa pili Ardenmoor. Ndiye aliyemwambia Retha habari za chuo hicho.

"Usisite," alisema. "Masomo unayafanya jikoni kwako. Walimu wanajibu. Mimi nilisita mwaka mzima nikajuta."

"Na zile saa za mazoezi? Wanasema saa mia saba na mtaalamu anayekusimamia. Nani anakutafutia?"

Misty alitafuna polepole. "Wana ofisi ya mambo hayo."

"Wewe walikutafutia nani?"

"Langu linashughulikiwa." Akachukua simu yake haraka. "Ngoja nikutumie kiungo. Ukijiandikisha, pitia hapo hapo, usipitie pengine. Inakuwa rahisi zaidi."

Retha alifungua ule ujumbe akashukuru. Jambo moja tu lilimkwaruza kidogo. Misty hakumwangalia usoni alipoutuma, na Misty alikuwa mtu wa kuangalia watu usoni hata anapowatoboa sindano.

Alipotoka kazini alimpigia Bryce mwenyewe, akamuuliza waziwazi: nani atamtafutia msimamizi?

"Tuna mtandao mpana wa washirika," alisema Bryce. "Na tunakupa msaada wa hatua kwa hatua."

"Msaada gani?"

"Tunakupa orodha."

"Nipe hiyo orodha leo."

"Kwa kawaida huwa tunawapa wanafunzi waliokwisha—"

"Bryce, unataka dola mia tatu au hutaki?"

Orodha ilifika kabla hajafika nyumbani. Majina kumi na moja, yote ndani ya maili sitini.

*

Jumatano ilikuwa siku yake ya kupumzika. Alikaa jikoni na orodha na kalamu, Ova akimenya viazi upande wa pili.

Wa kwanza alikuwa amekufa. Mjane wake ndiye aliyepokea, na hakukasirika, alitaka hata kuzungumza. Wa pili alikuwa amehamia Florida. Wa tatu, msichana aliyepokea simu alimuuliza kama ng'ombe ameanza kuvimba tumbo, maana ile ilikuwa ofisi ya daktari wa mifugo. Zahanati ya nne na ya tano zilikuwa zimefungwa. Wa sita alisema hawachukui wanafunzi wa Ardenmoor tena, akakata simu kabla ya kuulizwa kwa nini. Kufika wa kumi kalamu ilikuwa imechana karatasi.

"Umeuziwa mbuzi kwenye gunia," alisema Ova.

"Bado sijanunua, mama."

"Basi fungua gunia kabla hujalipa."

Jina la kumi na moja lilikuwa Daktari Pruitt, mji wa pili. Huyu Retha alimjua. Miaka kumi na miwili nyuma, Pruitt akiwa mgeni wa kazi wodini kwao, amekwama mbele ya mzee aliyesimama moyo, Retha ndiye aliyesimama begani kwake na kumnong'oneza kipimo cha dawa, taratibu, ili wengine wasisikie. Mzee yule aliishi. Retha alivaa blauzi yake ya kanisani akaendesha gari kwenda kumwona.

Alikaa kwenye benchi la mapokezi saa mbili na robo. Wauza dawa wawili waliovaa suti walikuja baada yake wakaingia kabla yake, wakatoka wakicheka. Msichana wa mapokezi alimwonea huruma.

"Wewe pia ni wa Ardenmoor?"

"Bado. Nafikiria."

"Mna mwenzenu huja kila Jumanne. Mwembamba, nywele nyekundu. Hutuletea keki ya tufaha. Tunakula sisi, daktari hali sukari." Akashusha sauti. "Jana nilimkuta analia kwenye gari lake pale nje. Mwaka wa pili, hana mtu wa kumsimamia. Wamempa mpaka mwisho wa mwezi, akikosa wanamtoa, na ada hairudi."

Wodini kwa Retha palikuwa na mtu mmoja tu mwembamba mwenye nywele nyekundu.

Daktari Pruitt alimpokea akiwa amesimama mlangoni, koti liko mkononi.

"Retha, Retha. Wodi bado inasimama? Wameshaniambia shida yako. Nawaambia wote jambo moja. Dola kumi na tano kwa saa, unalipa mwanzo. Na hutakuwa na mimi, utafuatana na msaidizi wangu."

Retha alipiga hesabu. Saa mia saba. Dola elfu kumi na mia tano, juu ya ada.

"Sisi hatukukutoza kitu," alisema.

"Samahani?"

"Ulipokuja huku hujui hata kuweka sindano ya mshipa, sisi wauguzi tulikufundisha. Hakuna aliyekutoza."

Pruitt akatabasamu kama mtu aliyeambiwa hadithi ya mtoto. "Zama zile zilikuwa nyingine. Mkono mtupu haulambwi, unajua. Ukiwa tayari, mwambie huyu msichana."

Alipita kando yake akaenda kwenye gari. Retha alibaki mlangoni na blauzi yake ya kanisani, mbele ya wagonjwa sita waliojifanya wanasoma magazeti, na mmoja wao alikuwa mtu ambaye Retha alimwosha kidonda mwezi uliopita.

*

Alimngoja Misty Alhamisi zamu ilipokwisha, kwenye maegesho ya hospitali, jua la Juni likiwa bado juu ya kilima.

"Keki ya tufaha," alisema Retha.

Misty alisimama na funguo mkononi. Uso wake, ambao siku zote ulikuwa na rangi, ukapauka.

"Nani kakwambia?"

"Huna msimamizi. Unajua kwamba hawatafuti. Unajua ile orodha ina maiti na daktari wa ng'ombe. Ukanitumia kiungo. Ukaniambia nisisite. Kwa nini, Misty?"

Misty akaangalia lami. "Wananipunguzia ada."

"Kiasi gani?"

"Mia tano. Kwa kila mtu."

"Na ni watu wangapi?"

"Wewe. Tonya wa zamu ya usiku. Na Leeann."

Retha aliegemea gari. Tonya alikuwa na mtoto wa miezi minne. Leeann alikuwa anafikiria kuiweka nyumba ya mama yake rehani. Hasira ilimpanda taratibu kutoka tumboni, na ilipofika mdomoni haikuwa na kelele hata kidogo.

"Nilikushika mkono ukizaa Kaylin. Nilikusimamia mwaka wako wa kwanza wodini, nikasaini makosa yako kama yangu. Halafu ukaniuza dola mia tano. Ungeniambia una shida ningekuchangia hizo mia tano, mjinga wewe. Ningechukua bakuli nikapita nalo wodi nzima."

"Nimekopa elfu arobaini na moja," alisema Misty. Sauti yake ilikuwa kavu kama ya mtu aliyemaliza machozi kwingine. "Nikitolewa mwisho wa mwezi nitalipa mpaka Kaylin awe na watoto wake. Ningekwambia nini? Kwamba nilidanganywa nikiwa na akili zangu timamu? Nilidhani labda wewe utabahatika. Watu wanakupenda. Mimi wananifungia mlango."

"Usinipake mafuta."

"Sikupaki. Nasema ilivyo."

Retha aliingia kwenye gari lake akaondoka, na kwa maili ishirini zote hakuwasha redio.

*

Ijumaa asubuhi alikwenda zahanati kwa Iva Sizemore kabla hakujafunguliwa. Iva alikuwa anapanga dawa kwenye kabati ambamo zamani vilikaa vitambaa vya makochi, mguu mmoja ameuburuta nyuma yake.

Retha alimwambia yote. Orodha, Pruitt, Misty, mia tano. Iva alisikiliza bila kugeuka.

"Umemaliza?"

"Nimemaliza."

"Basi sikiliza. Mimi naweza kuchukua mwanafunzi mmoja. Mmoja tu, nguvu zangu ndizo hizo, na Mei nakwenda kubadilishwa nyonga. Hiyo nafasi nimekuwekea wewe tangu mwaka jana ulipoanza kuniuliza maswali. Nenda Ardenmoor, anza Agosti, soma mbio, nitakuanzishia mazoezi majira ya baridi. Hatutamaliza saa zote, lakini utakuwa umevuka mto nusu."

Retha aliiona siku ya mahafali. Miezi ishirini. Delmas kwenye kiti cha mbele. Pruitt na dola zake kumi na tano angeweza kwenda kuzimu.

"Na ule mwingine? Wa serikali?"

"Wa serikali hawakupeleki kwenye mazoezi mpaka mwaka wa pili. Wakati huo mimi natembea na fimbo na zahanati ina kufuli. Ila wao wanakutafutia mtu wenyewe, imo kwenye barua yao. Huenda ikawa mbali, saa mbili za gari, lakini hawakutumi kwa maiti."

Iva akafunga kabati. Kisha, kama anayetaja hali ya hewa, akasema: "Misty amenibishia mlango mara tatu. Nilimwambia nafasi imeshikwa."

"Imeshikwa na nani?"

"Na wewe. Na nani mwingine?"

Retha akakaa kwenye kiti cha wagonjwa.

"Amebakiza saa ngapi?"

"Mia nne na themanini. Akianza wiki ijayo anamaliza Machi, anafanya mtihani wa leseni, na Mei nikiingia chumba cha upasuaji yeye anaweza kukaa kwenye kiti changu. Hiki hapa." Iva alikigonga kwa kiganja. "Ukianza wewe, utakuwa tayari mwaka mzima baada yangu. Mwaka mzima hapa pamefungwa. Sikwambii ufanye nini. Nafasi nilikupa wewe, na mimi sina tabia ya kupokonya nilichotoa."

"Angalau ungeniamrisha," alisema Retha kwa uchungu. "Ningekuwa na mtu wa kumchukia."

"Unaye tayari. Mwenye nywele nyekundu."

Hicho ndicho kilichomchoma. Kama Misty angekuwa mtu mwema aliyepatwa na bahati mbaya, kumpisha kungekuwa na utamu wake, na kanisani wangemwombea. Lakini alitakiwa ampishe mwongo, mtu aliyempima na kumwekea bei. Haki ilikuwa imesimama upande wa mkosaji, na hapakuwa na njia ya kuizunguka. Wagonjwa wa Iva walikuwa elfu moja na mia nne. Delmas alikuwa mmoja wao.

Mlango wa mbele ulikuwa umekwisha kuanza kugongwa. Mzee mmoja kutoka bondeni, kofia mkononi, alikuwa amewahi foleni.

*

"Umempa nafasi yako," alisema Delmas.

"Nitampa. Bado sijamwambia."

"Yule aliyekuuza."

"Ndiyo, yule aliyeniuza."

Walikuwa kwenye baraza la nyuma, adhuhuri. Delmas alikuwa amekaa na mrija wa oksijeni puani, mikono juu ya magoti, mikono mikubwa isiyo na kazi.

"Ulisema miezi ishirini."

"Wewe ndiye uliyesema."

"Nilikuomba kitu kimoja, Retha. Miaka ishirini na mbili tumeoana, sikukuomba hata unipigie pasi shati. Nimekuomba nikuone. Wewe umeenda kumpa mtu mwingine ule muda wangu." Alisimama, akavuta mtungi wake. "Watu wa Caney Branch watapata mtabibu. Hongera zao. Mimi nimepata nini?"

"Mtabibu," alisema Retha. Sauti yake ilipanda kwa mara ya kwanza wiki ile. "Umepata mtabibu, mwanamume mkaidi wewe. Mwakani Mei Iva akifunga, ukibanwa kifua Februari inayofuata nani atakusikiliza mapafu? Mimi nikiwa na joho la nusu? Au nikubebe mpaka mjini saa moja na dakika ishirini kwenye barafu, nifike na maiti, halafu niwaonyeshe kwamba mke wake yuko muhula wa tatu?"

Delmas akashuka ngazi, moja moja, akaenda kukaa ndani ya pikapu yake ambayo hakuwa ameiendesha tangu Pasaka. Alifunga mlango. Retha aliona kisogo chake tu kupitia kioo.

Ova alitokea mlangoni, akijifuta mikono kwa aproni.

"Baba yake alikuwa akikasirika anaenda kukaa kwa nguruwe," alisema. "Afadhali huyu, gari halinuki."

"Nimekosea, mama?"

"Sijui. Mimi ningemwacha yule msichana azame. Ndiyo maana mimi si muuguzi."

Delmas alikaa mle zaidi ya saa moja. Aliporudi hakusema samahani, na Retha naye hakusema. Aliketi kwenye kiti chake, akapumzika mpaka pumzi ikatulia, kisha akauliza: "Wa serikali wanaanza lini?"

"Agosti hiyo hiyo."

"Miaka mitatu."

"Mitatu."

"Basi siahidi kitu," alisema Delmas. "Nitajaribu."

*

Saa kumi na nusu jioni Bryce alipiga. Retha alikuwa amemwandikia Tonya na Leeann mapema, na majibu yao yalikuwa mbele yake.

"Retha, tumebakiza nusu saa. Kadi unayo karibu?"

"Bryce, kile kiti kimoja kilichobaki. Ni changu?"

"Kwa jina lako kabisa."

"Tonya Hensley ameshikiliwa hicho hicho mpaka leo saa kumi na moja. Leeann Bowling naye hivyo hivyo. Tunafanya kazi wodi moja. Tutakaa watatu kwenye kiti kimoja, au mmoja atapakatwa?"

Nyuma ya Bryce zilisikika sauti nyingine za vijana, nyingi, zote zikisema maneno yale yale kwa majina mengine.

"Naelewa wasiwasi wako," alianza Bryce.

"Huelewi. Kwenye orodha yako kuna mtu ambaye mjane wake amepokea simu zenu mara tisa mwaka huu. Aliniambia. Tisa. Kila mara inabidi aseme tena kwamba mumewe amekufa. Toa lile jina. Sitaki kitu kingine kwenu, toa jina la yule marehemu."

"Hiyo si idara yangu, mama."

"Nilijua," alisema Retha, akakata.

*

Alimwita Misty jikoni kwake Jumamosi asubuhi, akamsimamisha. Hakumkaribisha kiti wala kahawa, na katika milima ile kumnyima mtu kahawa ni tusi linaloeleweka.

"Iva atakuchukua. Jumatatu saa moja na nusu uwe mlangoni kwake."

Misty alifungua mdomo.

"Sijamaliza. Leo hii utakwenda kwa Tonya na kwa Leeann, nyumbani kwao, si kwa simu. Utawaambia mia tano. Utawaambia keki. Utawaambia kwa mdomo wako."

"Retha, mimi—"

"Usinishukuru. Ukinishukuru nitabadili mawazo. Ningekuwa na namna ya kuinusuru zahanati ile bila kukunusuru wewe, ningeifanya."

"Najua," alisema Misty.

Alikwenda. Tonya alimfungia mlango usoni lakini hakujiandikisha. Leeann alimsikiliza mpaka mwisho, akasema yeye atabahatika, akalipa zile mia tatu. Watu huamini kile wanachokihitaji.

*

Februari ilikuja na barafu. Retha alikuwa katika muhula wake wa pili wa chuo cha serikali, anasoma meza ya jikoni siku zake za mapumziko. Kazini yeye na Misty walizungumza habari za wagonjwa tu. Wenzao walikwisha kuzoea kupita katikati yao.

Alhamisi moja Ova alimpeleka Delmas zahanati, akiendesha ile pikapu kwa mwendo wa kobe, na waliporudi mchana bibi kizee alikuwa na habari.

"Katupima yule mwizi wako," alisema akivua kofia ya sufu. "Iva kakaa kwenye kona tu, anaangalia."

"Mama, usimwite mwizi."

"Nimemwita mbele yake. Nikamwambia, wewe ndiye uliyemwibia mke wa mwanangu. Akasema ndiyo, mama, ni mimi, sasa naomba unyamaze kidogo nisikie kifua chake."

Delmas alikuwa amekaa, anavua buti. "Anasikiliza vizuri," alisema. "Alirudia mara tatu. Aliniuliza kwa nini sitoki nje. Nikamwambia mtungi ni mzito. Akauliza kwa nini sina ile mashine ndogo ya oksijeni ya kubeba begani. Nikamwambia bima walikataa mara mbili. Akaandika."

Retha alirudi kwenye somo lake la dawa za moyo.

Ijumaa saa tisa mchana simu iliita, na jina lilikuwa la Misty. Retha aliitazama mpaka karibu ikatike.

"Ndiyo."

"Ni habari ya Delmas," alisema Misty. Sauti ilikuwa ya kukwaruza. "Nimekaa kwenye simu na bima saa mbili na nusu. Wamenihamisha watu saba. Yule wa mwisho nilimwambia sikati mpaka aniandikie. Wamekubali ile mashine."

Retha alisikia kikohozi cha mumewe chumba cha pili, na Ova akimwambia anywe maji.

"Sijakusamehe, Misty."

"Najua. Mashine itafika Jumanne. Lazima awepo mtu wa kusaini."

Retha alivuta daftari lake la masomo, na pembeni mwa ukurasa, kando ya majina ya dawa, akaandika: Jumanne.

"Saa ngapi?" aliuliza.